Kupeleka kikundi Ngome ya Lamu: jela ambayo wazee bado wanaikumbuka

Kama mna kikundi na mnatafuta mahali pa kwenda penye historia, nendeni Ngome ya Lamu. Nasema hivi baada ya kuwapeleka kina mama wa chama chetu cha hapa Malindi, pamoja na watoto wao wakubwa na wazee wachache, na hadi leo mkutano hauishi bila mtu kuitaja ile safari. Lakini mkienda, nendeni mkijua kwamba mnakwenda kuona jela. Vikundi vingi hulipita jambo hilo juu juu: watu wanaingia, wanapiga picha uani, wanapanda juu kutazama mapaa ya mji, wanateremka na kwenda zao kula.

Mwanzo tulibishana sana. Nusu ya kikundi walitaka Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, na hoja yao ilikuwa nzuri. Mombasa ni karibu, gari linakufikisha hadi mlangoni, unarudi kulala kwako, na Fort Jesus nayo ilikuwa jela, tangu 1895 mpaka 1958. Mweka hazina wetu alikuwa upande huo, na ukimjua mweka hazina wetu utaelewa kwamba kumpinga si kazi ndogo. Mimi niliishikilia Lamu kwa sababu moja tu. Pale Ngomeni palikuwa jela tangu 1910 hadi 1984. Pigeni hesabu. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka ishirini jela ilipofungwa, leo hata hajawa mkongwe. Yupo, anakaa barazani, anakunywa kahawa, na ukimwamkia vizuri atakusimulia. Hiyo ndiyo hoja iliyoshinda, na nafurahi ilishinda.

Njia sina mengi ya kusema. Basi la asubuhi kutoka Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, gati la bara ambako mnapanda boti kuvuka hadi kisiwa cha Lamu. Vizuizi vya polisi vipo njiani, kwa hivyo kila mtu mzima awe na kitambulisho chake mkononi, si kwenye begi lililofungwa juu ya basi. Mwambieni kila mtu hili siku moja kabla, na mrudie tena asubuhi ile ile.

Mokowe ndipo panapotaka macho. Tulikuwa tumekubaliana bei na bwana mmoja mwenye boti, kwa simu, siku nyingi kabla. Tulipofika na mizigo na wazee wetu, akataka nusu tena juu ya bei ile, eti tuko wengi. Idadi yetu alikuwa nayo tangu mwanzo! Tukamwacha. Tukagawanyika kwenye boti za abiria za kawaida kama watu wengine wote, na tukafika salama kwa nauli ya kawaida. Ushauri wangu: bei mkishakubaliana, iandikwe kwenye ujumbe wa simu pamoja na idadi ya watu, na msitume malipo yote kabla ya kuiona boti. Jambo jingine, ulizeni habari za maji. Yakiwa yamepwa, ngazi za gati huwa ndefu na zenye utelezi, na kumpandisha bibi wa miaka sabini pale si mzaha. Sisi vijana wawili wa gatini walituokoa, wakawashika wazee mkono mmoja mmoja, na wala hawakutaka kitu. Mungu awabariki.

Sasa Ngome yenyewe.

Iko Mkunguni, uwanja ulio katikati ya mji, ukuta kwa ukuta na soko. Ukisimama pale leo bahari huioni mpaka upite nyumba zilizo mbele, lakini ilipojengwa maji yalikuwa yanafika karibu yake. Ufuo umejazwa na kujengwa baadaye. Watu wa Lamu walikuwa wamewashinda watu wa kisiwa cha Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, kwenye vita vya Shela, wakajua kwamba aliyeshindwa anaweza kurudi, wakaomba hifadhi ya Seyyid Said wa Omani. Ngome ilimalizika 1821, ikawekwa askari. Baadaye Mwingereza akaikuta, akaona kuta nene na mlango mmoja mkubwa, na mwaka 1910 akaifanya jela. Tulipopata Uhuru jela haikufungwa. Iliendelea mpaka 1984, ndipo jengo likakabidhiwa Makumbusho ya Kitaifa, likatengenezwa, na sasa ni la umma: kuna maonyesho, kuna maktaba, na uani watu wanafanya sherehe zao. Siku hizi jela iko bara, mahali paitwapo Hindi.

Hayo mwongozi alituambia tukiwa uani, na alieleza vizuri, kwa Kiswahili, bila haraka. Lakini ombeni jambo hili tangu siku mnayopiga simu kuwaarifu kwamba mnakuja: kwamba mnataka kuelezwa habari za jela, vyumba vya wafungwa vilikuwa wapi, walilala vipi, walitoka saa ngapi. Mkikaa kimya mtapewa ziara ya watalii, ya vita na masultani, ambayo ni nzuri lakini inawaacha watu wetu wakiwa watazamaji tu.

Sisi tulikuwa watu thelathini na kitu, na hapa ndipo nawasihi wenzangu wanaopanga safari. Msiingie wote pamoja. Vile vyumba ni vya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, kuta zake nene kuliko urefu wa mkono wangu, hewa inaingia kidogo na mwanga unaingia kidogo. Mkijazana humo watu thelathini, wa nyuma hawasikii neno na wa mbele wanakosa pumzi. Tuligawanya makundi matatu: moja na mwongozi chini, moja juu kwenye kuta, moja likangoja nje Mkunguni chini ya miti, kisha tukabadilishana. Wazee wasiopanda ngazi walibaki uani kwenye kivuli, na wala hawakukosa kitu, kwa sababu ya Mzee.

Mzee huyu ni jirani wa mwenyeji wetu, mzaliwa wa Lamu, na jina lake nitaliweka kwangu. Tulimwomba aje akae nasi, tukamwandalia kiti. Akiwa mtoto, mjomba wake alifungwa mle kwa kutolipa kodi ya kichwa. Mama yake alikuwa akimtuma sokoni asubuhi, na njia ya sokoni ilipita mlangoni pa Ngome, kwa hivyo alijua saa ambayo wafungwa hutolewa kwenda kazini. Alikuwa anachelewa makusudi, anajifanya kuchagua maembe, ili amwone mjomba akipita. Hawakuruhusiwa kusemezana. Mjomba alikuwa anakohoa mara mbili, na mtoto naye anakohoa mara mbili, basi nyumbani anakwenda kusema, "Mjomba hajambo." Mzee alipotuonyesha vile walivyokuwa wakikohoa, wale mabinti wa sekondari ambao tangu Mokowe hawakuinua macho kwenye simu, waliziweka chini.

Mmoja wao akauliza, "Babu, na haja walikuwa wanakwenda wapi usiku?"

Mama yake akataka kumnyamazisha. Mzee akasema, "Mwache, mama, ameuliza la maana. Ndoo, mjukuu wangu. Ndoo moja chumba kizima, na asubuhi zamu ya kuibeba." Kisha akaeleza kwamba siku za joto harufu ilifika hadi sokoni, na watu wazima walijifanya hawaisikii kwa sababu karibu kila mtaa ulikuwa na mtu wake ndani.

Nataka msomaji alipime hilo. Jela hii haikuwa kisiwani mbali wala nyuma ya mlima. Ilikuwa katikati ya mji, watu wakinunua samaki ubavuni mwake kwa zaidi ya miaka sabini. Ng'ambo, kisiwani Manda, wakati wa Hali ya Hatari palikuwa na kambi ya kuwazuilia watu wa Mau Mau waliotolewa bara kule. Watoto wetu wanasoma habari za Mau Mau kama jambo la Nyeri na Murang'a, kumbe ukipanda juu ya Ngome na kutazama upande wa maji, Manda ndiyo hiyo. Mwalimu yeyote wa historia wa pwani anayesoma hapa, kwa hilo moja tu inafaa uwalete wanafunzi wako.

Je, mkimkosa mzee? Ulizeni. Mwenye nyumba mtakayolala, imamu wa msikiti wa karibu, mama anayewapikia, mmoja wao atamjua mtu. Msimwendee mkiwa mmemwelekezea simu za kurekodi. Kwanza salamu, kwanza kahawa, na mumuulize kama yuko radhi kuyasema mbele ya watoto, maana kwa wengine kufungwa kwa mtu wao bado ni kidonda. Na mumpe chochote mkiondoka, kwa heshima, kwenye bahasha.

Mambo madogo madogo. Malipo ni kwa simu, na bei ya raia wazima, ya watoto na ya wageni ni tofauti, kwa hivyo andikeni orodha mapema, mweka hazina alipe mara moja, msisimame mlangoni kila mtu na simu yake. Nendeni asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya zile kuta, kwani kule juu hakuna kivuli. Ijumaa msipange kitu karibu na swala. Wakati wa Maulidi Lamu hujaa watu kutoka kila pembe, ni raha kubwa, ila vyumba vya kulala na boti hupatikana kwa shida, na zile simulizi za taratibu uani hamtazipata. Mabuibui, vijora, kanzu, mtavaa kama kwenu, lakini viatu viwe vya kushika, kwa sababu ngazi ni nyembamba na zimelika kwa kukanyagwa. Wenye magoti mabovu wasilazimishwe kupanda.

Chakula msipange cha kifahari. Tuliagiza kwa mama mmoja wa mtaani siku moja kabla: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, juisi ya ukwaju, tukala kwa masinia, na gharama ilikuwa chini kuliko hoteli yoyote ya ufuoni niliyouliza.

Na laleni. Kurudi Malindi siku ile ile ni kujitesa, mabasi mengi ya kurudi huondoka Mokowe asubuhi mapema, kwa hivyo usiku mmoja uingie kwenye hesabu tangu mnapoanza kuchanga. Sisi tulichanga kidogo kidogo kila mwezi, na mweka hazina, yule yule wa Fort Jesus, ameshafungua ukurasa mwingine daftarini kwa ajili ya mwaka ujao. Ameandika Lamu.