Kutoka ThinkPad T480 kwenda MacBook Air M1: unachopata na unachokiacha

Anayefikiria kuhama kutoka ThinkPad kwenda MacBook kwa kawaida huuliza kwanza kuhusu kasi. Kwangu kasi ni swali la mwisho. Cha kuuliza kwanza ni vitu gani vimening'inia kwenye mashine yako ya sasa: programu ya uhasibu, printa ya ofisini, diski ya nje, fundi unayemwamini. Hivyo ndivyo vitakavyokufanya ufurahie kuhama au ujute.

Mashine ninazolinganisha ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018 (Intel Core i5 kizazi cha 8, RAM 16GB, SSD 512GB) na MacBook Air M1 (M1 ni chipu ya Apple yenyewe) iliyotangazwa Novemba 2020 (RAM 8GB, hifadhi 256GB). Ndizo zinazogongana zaidi kwenye meza za laptopu za mtumba, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, na mara nyingi Air huuzwa karibu mara mbili ya bei ya T480. Kazi nilizozipa ni zilezile: ripoti, majedwali ya Excel, mikutano ya video, picha, na video fupi mara mojamoja.

Umeme ukikatika

Hapa Air inashinda. Betri yake ni ya 49.9Wh na mashine haina feni. Betri ikiwa nzima, kuandika na kuperuzi kwa saa 10 hadi 12 si ajabu. Ila faida yenyewe iko kwenye chaja: inakuja na ya 30W, na hata chaja ya simu ya 20W ya USB-C huijaza, taratibu. Pawabanki yenye USB-C PD (chaji ya nguvu kubwa) ya 30W inaiendesha bila shida wakati wa mgao.

T480 nayo si mnyonge. Ina betri mbili, ya ndani ya 24Wh na ya nje ya 24, 48 au 72Wh, na ya nje unaweza kuichomoa na kupachika nyingine bila kuzima mashine kwa sababu ya ndani inaendelea kuibeba. Ukiwa na ya 72Wh iliyo nzima, siku inaisha. Shida ni kwamba dukani huja na ile ndogo iliyokwisha kuchoka, na za kubadilishia nyingi ni feki zinazoandikwa uwezo mkubwa zisioufikia. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa wa kila betri. Chini ya asilimia 60, hesabu bei ya betri mpya kabla hujatoa pesa. Chaja nayo iwe ya 45W au 65W. Pungufu ya hapo inagoma au inalalamika.

Ukiharibikiwa

Sasa mambo yanageuka. T480 ni rafiki wa fundi. Kifuniko cha chini kina skrubu sita za kawaida ambazo hazidondoki hata ukizilegeza. Kabla ya kufungua, washa mashine, bonyeza F1 uingie kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), nenda Config kisha Power, uzime betri ya ndani. Wengi huruka hatua hii na kufanya kazi kwenye mazabodi (ubao mkuu wa mashine) yenye umeme. Ndani kuna nafasi mbili za RAM ya DDR4, sehemu ya diski, na feni unayoweza kuisafisha kwa brashi laini. Kibodi inatoka kwa skrubu mbili za chini na kusukumwa kidogo. Kioo cha inchi 14 kinabadilishwa peke yake. Spea zake zimejaa kwa sababu makampuni ya Ulaya na Marekani yalizinunua kwa wingi na sasa yanaziachia.

Ina ugonjwa mmoja wa kuzaliwa: programu ya ndani ya kidhibiti cha Thunderbolt (tundu la USB-C la kasi kubwa) ilitoka na kasoro, na mashine ambayo haikusasishwa tundu lake la USB-C linaweza kufa. Kwa kuwa chaji inaingia kwa USB-C, si jambo la kupuuza. Lenovo walitoa sasisho la kuitibu; ukinunua, hilo liwe la kwanza kuweka, hata kabla ya masasisho ya Windows yenyewe.

Air ukiifungua unahitaji bisibisi ya pentalobe (yenye ncha ya pembe tano) kwa skrubu kumi, na ukishafungua hakuna cha kuongeza. RAM ni sehemu ya chipu, hifadhi imelehemewa kwenye mazabodi, kibodi imepigwa rivet kwenye fremu ya juu. Kioo kikipasuka, fundi hubadilisha kifuniko kizima cha juu, na bei yake inauma. Kinapasuka kirahisi kuliko watu wanavyodhani, maana nafasi kati ya kioo na kibodi ni nyembamba mno. Vile vifuniko vya plastiki vya kuziba kamera ni sumu kwake, na Apple wenyewe walishaonya usiifunge ikiwa na kimoja. Punje ya mchele juu ya kibodi inatosha.

Kubwa zaidi ni data. Mazabodi ya Air ikifa, mafaili yanakufa nayo, kwa kuwa hifadhi imesimbwa na funguo ziko ndani ya chipu ileile. Kwenye T480 unachomoa SSD, unaiweka kwenye kasha la USB na kuisoma kwenye mashine nyingine, alimradi haikufungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows) au una ufunguo wake. Kwa hiyo nunua diski ya nje ya Time Machine (programu ya Mac ya kuweka nakala za akiba) siku ileile unayonunua Air. Isiwe wiki inayofuata.

Programu: hapa ndipo watu wanaumia

Kivinjari, Zoom, WhatsApp, Word, PowerPoint, Stata, SPSS, QGIS: vyote vipo kwenye Mac na vinakwenda vizuri. Excel ipo pia, lakini si ileile. Haina Power Pivot (zana ya kuchambua data nyingi), na makro (amri zinazojiendesha ndani ya jedwali) zenye vitufe vya ActiveX, teknolojia ya Windows, hazifanyi kazi. Access, programu ya hifadhidata, haipo kabisa. Ukiwa unapokea kutoka serikalini au kwa wafadhili majedwali yenye makro nzito, omba moja, lifungue kwenye Mac ya mtu mwingine, lijaze mpaka mwisho. Kufunguka tu hakutoshi. Mengi hufunguka halafu hugoma unapobonyeza kitufe cha kuhakiki.

Tally ya uhasibu ni ya Windows. ArcGIS Pro ya ramani ni ya Windows. Utaambiwa uweke Parallels uendeshe Windows 11 ndani ya Mac. Inawezekana, lakini Windows hiyo ni ya chipu za ARM, aina ya M1, si za Intel. Programu za kawaida hujitahidi. Dreva zilizoandikwa kwa ajili ya Intel haziingii. Maana yake kisoma alama za vidole, mashine ya risiti au kifaa cha leseni cha kuchomeka USB huenda visitambulike kabisa. Na RAM ya 8GB ukiigawa mara mbili, unabaki na mifumo miwili inayokwama. Kwa mhasibu, ushauri wangu ni mfupi: usihame.

Printa ichunguzwe kwa jina na namba yake. Mpya nyingi zina AirPrint (uchapaji wa Apple usiohitaji dreva) na zinashika mara moja. Za zamani zinazotegemea kompyuta izifanyie kazi yote, kama HP LaserJet 1020 ambayo bado inaunguruma kwenye ofisi nyingi, kuzifanya zichape kutoka Mac ni ujanja juu ya ujanja.

Diski, fleshi na steshenari

Mac inasoma diski ya NTFS (mpangilio wa diski wa Windows) lakini haiandiki juu yake. Mtu huchomeka diski yake ya nje, anaona mafaili yote, anadhani mambo safi, halafu kesho yake anashindwa kuhifadhi hata faili moja. Tiba ni kuibadilisha iwe exFAT, ambayo mifumo yote miwili huiandika. Kuibadilisha kunafuta kila kitu, kwa hiyo nakili kwanza mahali pengine, fungua mafaili matatu manne kuhakikisha ni mazima, ndipo uformati. exFAT haipendi kuchomolewa ghafla. Itoe kwa Eject kila mara. Diski iliyofungwa kwa BitLocker Mac haiifungui, kwa hiyo iondolee kufuli ukiwa bado kwenye Windows.

Kingine hakisemwi kwenye mapitio ya kizungu. Fleshi iliyopita kwenye Mac hubaki na mafaili madogo yanayoanza na nukta na mstari wa chini. Ukiipeleka steshenari kuchapa, kijana wa kaunta anaona "._Ripoti.docx" pembeni ya "Ripoti.docx", anabofya la kwanza, halifunguki, anakwambia faili lako bovu. Kabla ya kutoka nyumbani fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri kwenye Mac), andika dot_clean -m /Volumes/ ikifuatiwa na jina la fleshi, kisha itoe. Na peleka PDF. Word ya steshenari ina fonti zake.

Vidole na bando

Vidole huzoea. Ctrl+C inakuwa Command+C, kubofya Enter juu ya faili kunabadilisha jina badala ya kulifungua, na kuhamisha faili ni Command+C halafu Command+Option+V. Kitufe chekundu hufunga dirisha tu. Programu inabaki hai mpaka Command+Q. Mashine iliyotoka Uingereza haina alama ya # juu ya kibodi, ni Option+3.

Bando ndilo la kuangalia. Sasisho kubwa la macOS linaweza kupita 10GB, na mashine haijui kwamba hotspoti yako ni ya bando la siku. Ingia System Settings, General, Software Update, uzime kupakua kwenyewe. Kisha kwenye maelezo ya Wi-Fi ya simu yako washa Low Data Mode. Kama umezoea kuvuta intaneti kwa waya wa USB kutoka simu ya Android, jua kwamba simu nyingi hazitambuliki na Mac kwa njia hiyo. Utatumia Wi-Fi, na betri ya simu ndiyo itakayolipa.

Matundu: Air ina mawili ya USB-C, yote upande wa kushoto, na kioo cha nje inaendesha kimoja tu. T480 ina USB za kawaida, HDMI, waya wa mtandao na sehemu ya kadi ya kamera. Hesabu bei ya habu, kifaa cha kuongeza matundu. Za bei ya kutupa huchemka, na baadhi huvuruga Wi-Fi ya 2.4GHz pindi zinapochomekwa. Ikikutokea, hamia 5GHz au tumia kiwaya kirefu zaidi.

Kuikagua dukani

Muuzaji akikuonyesha Mac iliyowaka na picha nzuri ya ukutani, hujaona kitu. Mac ya mtumba inaweza kuwa imefungwa kwa akaunti ya Apple ya mwenye nayo wa kwanza, au imesajiliwa chini ya kampuni au shule inayoweza kuidhibiti kutoka mbali. Mwambie aifute mbele yako kwa Erase All Content and Settings, iunganishe na hotspoti yako, na mpite hatua zote za kuiwasha upya. Ikidai nywila ya mtu au ikitokea ukurasa wa Remote Management, irudishe mezani. Wapo mafundi wanaoiruka hatua hiyo kwa kuiwasha bila intaneti, ndiyo maana nasisitiza hotspoti iwe yako. Kwa uhakika zaidi andika kwenye Terminal: sudo profiles show -type enrollment. Kisha tazama idadi ya mizunguko ya betri kwenye System Information, upande wa Power. Apple wanaikadiria kwa mizunguko 1,000, na mimi ikipita 500 nashusha bei.

Ukiona Air ya bei poa mno ya mwaka 2018 au 2019, ni ya Intel na ina kibodi ya "butterfly" inayokwama kwa vumbi. Iache. Macbook Air zote za Intel zimeshaachwa nje ya macOS 26.

T480 nayo ikague BIOS: bonyeza F1, na ikidai nywila ya msimamizi ambayo muuzaji haijui, hutaiondoa kirahisi.

Kuhusu 8GB: inatosha kwa kazi nilizozitaja. Fungua Activity Monitor, upande wa Memory; grafu ikiwa kijani, mashine inapumua. Ikikaa njano kila siku, mfumo unaazima nafasi kwenye hifadhi ambayo haibadilishwi, na ulipaswa kununua ya 16GB. Ukihariri video ndefu, kukosa feni nako kunaonekana: inaanza kwa kasi, ikipata moto inapunguza mwendo.

T480 usiiuze haraka. Kichakataji chake kimo kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo mwisho wa msaada wa Windows 10 hapo Oktoba 14, 2025 haukuiua kama ulivyoiua T470 yenye kizazi cha 7. Ibaki kabatini walau mpaka umepita msimu mmoja wa ritani za kodi na umeshafungua kila jedwali la makro unalopokea kwa mwaka. Betri ya ndani iache kwenye asilimia 50 hivi na uichaji kila baada ya miezi michache. Ukiiacha imeisha kabisa, utaikuta haiwaki.