Kuijenga upya timu ya kikapu: njia ya Philadelphia au ya Indiana?
Kuanzia 2013, Philadelphia 76ers wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, waliwaachia wachezaji wazoefu na kukubali kufungwa ili wapate nafasi za mwanzo za kuchagua chipukizi, ambazo kwa kawaida huelekea kwa timu dhaifu. Msimu wa 2015–16 walishinda michezo 10 tu kati ya 82. Indiana Pacers, Februari 2022, walibadilishana wachezaji na timu nyingine: walimtoa nyota wao Domantas Sabonis, wakampata kijana Tyrese Haliburton, na mwaka 2025 wakacheza fainali.

Kwa subira ya shabiki, Indiana inashinda waziwazi: aliyenunua tiketi aliiona timu ikipanda kutoka ushindi 25 kwa msimu hadi 35, kisha 47. Kule Philadelphia, Joel Embiid, aliyechaguliwa 2014, alikosa misimu miwili mizima akiuguza mguu, na mashabiki waliomngoja nawaheshimu sana. Hata hivyo, mwaka 2023 alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, na nyota wa kiwango hicho ni nadra kuuzwa.

Uhakika ni mdogo kotekote, kwani tangu 2019 timu tatu za mkiani hupewa kila moja uwezekano wa asilimia 14 tu wa kuchagua chipukizi wa kwanza, na mabadilishano humhitaji mwenzako akubali kumwachia kijana wake.

Timu isiyo na mchezaji anayetamaniwa na wengine haina budi kungoja chipukizi. Iliyo na Sabonis wake ibadilishane mapema, kabla thamani yake haijashuka.