Albamu za karibuni: nani kajua pa kukata na nani kajaza tu

Kwenye Songs of a Lost World ya The Cure, ngoma ya kwanza inaitwa "Alone" na inaenda zaidi ya dakika tatu kabla Robert Smith, mwimbaji wao, hajafungua mdomo. Dakika tatu nzima! Siku hizi kuna ngoma za pop zinaanza na kuisha ndani ya muda huo huo, maprodyuza wanaogopa kiitikio kikichelewa msikilizaji ataruka, sasa hawa wamekaa miaka 16 bila albamu (ya mwisho ilikuwa 4:13 Dream, 2008) af wanarudi Novemba 2024 wanakuwekea dramu nzito zinazotembea taratibu, kinanda kimetanda juu kote, besi ya Simon Gallup inaunguruma huko chini, na wala hawana haraka na wewe. Mi nasema hii ndo albamu bora ya rock kati ya zote nilizosikia hii miaka ya karibuni, na ntaeleza kwanini, maana naona wengi wanaisifia kwa sababu ya jina la bendi tu na hapo hawaitendei haki.

Kwanza ni fupi. Ngoma 8, haifiki hata dakika 50. Bendi iliyokaa kimya muda wote huo ingeweza kabisa kutumwagia ngoma 20 na mashabiki wangepokea kwa mikono miwili, ila wamechuja. Na nyingi walishazipiga jukwaani kwenye ziara ya 2022 kabla hazijatoka rasmi, kwahiyo unasikia kabisa ni watu wanaozijua hizi ngoma mpaka kwenye mifupa, hakuna anaebahatisha. Gita la Reeves Gabrels (yule aliekuwa na David Bowie zamani) linakuja pale tu linapohitajika, likimaliza lilichokuja kusema linakaa pembeni.

Af kuna "I Can Never Say Goodbye". Hii Smith kaiandika kuhusu kifo cha kaka yake. Msikilize piano, noti chache tu, zile zile, zinarudi na kurudi, hazibadiliki hata pale gita linapopanda na dramu zinapozidi uzito. Ngoma nyingi za msiba zinakulazimisha ulie, zinaleta kwaya, zinaleta mlio wa kupanda juu ili ujue hapa ndo pa kuumia, lakini hii piano inakataa kukusaidia, inasema kile kile tu, na ukishawahi kufiwa unajua ndo ilivyo, kichwa kinazunguka kwenye jambo moja siku nzima. Sauti ya Smith nayo inashangaza, mtu alizaliwa 1959 na bado ile sauti ya kulalamika ipo vile vile, haijakwaruzika.

Kasoro ipo na sitaificha. Miksi (ule mchanganyo wa sauti zote) imebanwa sana, kila kitu kipo juu kwa wakati mmoja, na kwenye "Warsong" inafika mahali gita na kinanda vinagongana mpaka huwezi kusikia nani anafanya nini. Ukiisikiliza kwenye spika ndogo ya simu ndo basi kabisa, dramu zinakuwa kama zinapigwa ndani ya boksi. Tafuta hedifoni nzuri. Ila "Endsong", ya mwisho, inafuta hilo deni lote, zaidi ya dakika 10, sauti inaingia baada ya dakika 6 hivi, na maneno yake yanarudi kwenye jambo lile lile lililofungua albamu, yale maneno "mwisho wa kila wimbo". Yani wamepanga. Hukuwekewa nyimbo 8 zilizopangwa tu mstari, umepewa kitu kimoja chenye kichwa na miguu.

Na hapo ndo kipimo changu kwa hizi albamu zote. Ngoma moja kali kila mtu anaweza kuitoa. Albamu ni kazi ya kuamua nini kinakaa, nini kinatoka, nini kinaanza na nini kinafunga, na hiyo kazi wengi siku hizi wameiacha.

Billie Eilish hajaiacha. Hit Me Hard and Soft ilitoka Mei 2024 bila kutanguliza singo hata moja, alitaka watu waipokee yote kwa pamoja, na kwa msanii wa ukubwa wake huo ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana. Ngoma 10 tu, ameandika yeye na kaka yake Finneas, wakati ile ya nyuma yake, Happier Than Ever ya 2021, ilikuwa na 16. Tofauti unaisikia. Ile ya zamani nilikuwa naruka ruka katikati, hii sijawahi kutamani kuruka isipokuwa sehemu moja ntaifikia.

Sikiliza "L'Amour de Ma Vie". Inaanza kama wimbo wa zamani wa kwenye kumbi za usiku, gita laini, sauti imeegemea pembeni, anaongea na mpenzi walieachana kwa utulivu ambao huuamini amini. Af baada ya dakika tatu na kitu inageuka. Biti inakimbia, sauti imepitishwa kwenye mashine mpaka imekuwa ya bati, sinthi (vinanda vya umeme) zinawaka kila kona. Mara ya kwanza unaweza kudhani simu imejiendea yenyewe kwenye ngoma nyingine. Kuna watu wanasema ni nyimbo mbili zimeunganishwa kwa gundi na mimi nabisha hapo, kwa sababu nusu ya kwanza anadanganya kwamba yupo sawa, nusu ya pili ndo hasira inatoka, na hiyo hasira inachezeka. Nusu ya pili haina maana bila ya kwanza. Ukikata ukaweka kwenye pleilisti ile sehemu ya kudansi peke yake umeua wimbo.

"The Greatest" nayo ni darasa la uvumilivu, anaimba chini chini muda mrefu na pale anapoachia sauti na dramu zikaingia unagundua miaka yote hiyo watu waliosema huyu binti anajua kunong'ona tu walikuwa wanakosea. Na "Blue" inafunga kwa kuokota vipande vya maneno kutoka ngoma zilizotangulia, fidla zinarudi, wamefunga mlango vizuri. Pale ninapopunguza maksi ni "The Diner". Wazo ni zuri, anaimba kama mtu anaemfuatilia staa kwa siri, inatisha kidogo, ila biti inazunguka pale pale na haifiki popote, na ikiwa kwenye albamu ya ngoma 10 tu udhaifu wake unaonekana kwa mbali.

Sasa weka hiyo pembeni ya The Tortured Poets Department ya Taylor Swift, imetoka mwezi mmoja kabla. Ngoma 16, af baada ya masaa mawili akaongeza 15, jumla 31, zaidi ya masaa mawili ya kusikiliza. Najua mashabiki wake wananikasirikia hapa lakini nasema kwa kumheshimu, huyu ni mwandishi, ana mistari ambayo wengine wanaitafuta maisha yao yote, na mistari hiyo imezama. Sinthi zile zile laini, mwendo ule ule, unafika ngoma ya 12 hujui umetoka ya ngapi. Ndani ya zile 31 kuna albamu ya ngoma 12 ambayo ingekuwa kati ya kazi zake bora kabisa. Alihitaji mtu mmoja tu chumbani wa kumwambia hii iache. Kuna wanaosema shabiki apewe vyote achague mwenyewe. Hapana. Kuchagua ni kazi ya msanii, mi nimekuja kusikiliza.

Lady Gaga kwenye Mayhem, Machi 2025, nusu ya kwanza ni moto kweli kweli, "Abracadabra" imerudisha yule Gaga wa kelele na giza ambae watu walimmisi, na "Killah" aliyofanya na prodyuza Gesaffelstein ina gita la fanki lililokatwa katwa ambalo likikushika halikuachii. Shida ni mwisho. "Die With a Smile" na Bruno Mars ilishatoka Agosti 2024, ilishapigwa kila mahali, af ikabandikwa ya mwisho kwenye ngoma 14. Wimbo mzuri, sina neno nao, ila hauna undugu na zilizotangulia, umetoka kwenye vumbi la klabu ghafla unakalishwa kwenye harusi. Ingeishia "Blade of Grass" ingekuwa imetulia.

Upande wa elektroniki ntawapita Justice, wale maprodyuza wawili wa Ufaransa, haraka. Albamu yao Hyperdrama ina "Generator" ambayo ni ya kupasua spika, na "Neverender" waliyofanya na Tame Impala ni tamu, ila katikati inalegea, kuna ngoma pale ambazo zinasikika kama wamesahau kuzimalizia.

Jamie xx, prodyuza wa bendi ya The xx ya Uingereza, ndo wa kumsikiliza kwa makini. In Waves, Septemba 2024, albamu yake ya kwanza tangu In Colour ya 2015, na alikuwa na mzigo mkubwa kwa sababu ile ya kwanza watu wameibeba mno. Hajaikopi. In Colour ilikuwa ya mtu anaerudi nyumbani alfajiri anakumbuka klabu, hii ipo ndani ya klabu kwenyewe, watu wamejaa. "Baddy on the Floor" na DJ Honey Dijon ina piano na tarumbeta zinazokupandisha hata kama ulikuwa umekaa. Na "Waited All Night" kawaleta Romy na Oliver Sim, wenzake wa The xx, af hajawaacha waimbe kwa raha zao, kawakata sauti vipande vipande kawafanya sehemu ya biti, wenye hamu ya The xx watalalamika ila kwangu ni ujasiri.

Kinachonisumbua ni watu kuongea ndani ya ngoma. "Breather" kuna sauti inakuelekeza kama upo mazoezini, na ya mwisho, "Falling Together", mcheza dansi Oona Doherty anaongea kuhusu dunia na sisi tulivyo wadogo ndani yake, maneno mazuri, lafudhi yake nzuri, lakini biti ilishayasema hayo yote dakika moja kabla. Ukirudia mara ya tatu unasubiri amalize ili ile besi ya chini irudi. Na ikirudi, aisee, ongeza sauti.