Seti ya Kuziba Ufa wa Bampa la Faiba: Inafaa Kununua?

Habari zenu watazamaji. Mezani leo kuna seti ya kuziba ufa wa bampa la faiba: kopo la resini ya poliesta (gundi ya maji inayoganda na kuwa ngumu) gramu 500, kichupa cha hadina (dawa ya kugandisha resini) gramu 10, na mkeka wa faiba, yaani nyuzi za kioo, nusu mita ya mraba, ule mwepesi wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Bampa letu lina ufa wa sentimita 20 chini ya taa.

Kabla hujatoa hela, geuza bampa lako uangalie ndani. Ukikuta alama ya PP au PP+EPDM, hiyo ni plastiki, na mabampa mengi yanayotoka kiwandani ni ya plastiki hiyo. Resini hii haiishiki, itabanduka kama ganda. Faiba halisi, ile ya bodikiti (vipande vya urembo vinavyoongezwa kwenye bodi ya gari), ndani inaonyesha nyuzi, na ukiipiga msasa inatoa vumbi jeupe. Vumbi hilo ni vioo vidogo, kwa hiyo vaa barakoa, miwani na mikono mirefu.

Toboa tundu la milimita 3 pale ufa unapoishia, la sivyo ufa utaendelea kutembea hata baada ya kuuziba. Kisha fanya kazi kwa ndani. Kwangua kwa msasa namba 40 au 60, sentimita 5 kila upande wa ufa, hadi rangi na uchafu viishe na faiba ionekane. Futa kwa asetoni, iache ikauke kabisa. Kwa nje, shikiza ufa kwa selotepu ili usawa usipotee.

Sasa hadina, na hapa ndipo seti hii inaponikera. Maelezo yake yanasema "matone machache". Machache mangapi? Kipimo ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Ufa huu unataka resini gramu 100 hivi, kwa hiyo hadina gramu 1 hadi 2. Nunua bomba la sindano la mililita 2 duka la dawa, upime; mililita 1 ni kama gramu 1. Kwa joto la Dar au Mombasa mchana, mililita 1 inatosha. Asubuhi ya baridi Mbeya au Limuru, karibia 2. Ukizidisha, resini inachemka kwenye kikombe, inatoa moshi, na kiraka kinakuwa kikavu cha kupasuka. Ukipunguza mno, kinabaki laini ndani na hakuna jua litakalokiponya. Na hadina ikiruka jichoni inaweza kupofusha: miwani isivuliwe, na ikitokea, osha kwa maji mengi papo hapo, uende hospitali.

Mkeka uchane kwa mkono, usikate kwa mkasi. Kingo zenye nyuzi zinalala vizuri. Tabaka nne, la kwanza dogo, kila linalofuata lizidi kidogo. Paka resini kwanza, laza mkeka, kisha gonga kwa ncha ya brashi. Usiburute, nyuzi zitakusanyika. Mkeka mweupe ukigeuka wa kuona ng'ambo, umelowa. Doa jeupe likibaki ni hewa, na pale ndipo patakapopasuka tena. Una dakika 10 hadi 20 kabla resini haijaganda, kwa hiyo changanya kidogo kidogo.

Ikishakauka, juu inaweza kubaki na unato kidogo. Hilo ni kawaida kwa resini isiyo na nta, kwani hewa huizuia kukauka usoni. Futa kwa asetoni. Geukia nje: chimba ufa umbo la V, jaza puti (uji mzito wa kujazia) yenye nyuzi za faiba, msasa 80 kisha 180, puti laini mahali pa vijishimo, msasa 320, praima (rangi ya chini ya kushikiza rangi), halafu msasa 600 na maji kabla ya rangi.

Kwa ubora, resini ni nzuri na inatosha nyufa kama tano za ukubwa huu. Mkeka wa gramu 300 ni mwepesi kwa kona za bampa. Ningechukua wa 450, tabaka tatu. Kama sehemu iliyovunjika ndiyo inayobeba skrubu za kufungia, ongeza tabaka mbili pale na subiri saa 24 kabla ya kutoboa. Hadina iliyobaki itunze kivulini, mbali na asetoni, na visichanganywe kamwe.