Gereji ya haibridi pale Sae, Mbeya: wanapima kwanza ndo wanashika spana

Wenye Prius, Aqua na haibridi zingine za zamani (magari ya petroli na umeme kwa pamoja) huku Nyanda za Juu Kusini hii inawahusu, maana najua wengi wenu mkiona taa zimewaka kwenye dashibodi mnaambiwa jibu moja tu, betri kubwa imekufa nunua nyingine. Kuna gereji ndogo pale Sae, ndani ndani kwenye njia ya vumbi, haina bango la maana ila ukimuuliza bodaboda "kwa fundi wa haibridi" anakufikisha. Nimewapelekea Prius ya 2007 na kwa kweli wanajua wanachofanya.

Gari lilianza shida tukitoka Kyela kupandisha Tukuyu, joto kali, watu tumejaa na mchele nyuma, ghafla pembetatu nyekundu, cheki injini, na kwenye skrini kile kigari chenye alama ya mshangao, gari likapungua nguvu na feni ya nyuma inavuma mpaka mnasikia wote. Gereji ya kwanza nilikopeleka (sitaitaja) walipiga mashine ikasoma P0A80 (namba ya hitilafu inayolalamikia betri kubwa), wakafuta taa, wakasema toa mamilioni tuagize betri zima. Mjini taa zilitulia kabisa ukadhani limepona, kupanda mlima tena zikarudi vilevile. Kufuta taa si kutengeneza jamani, ile namba inarudi betri ikibanwa tu.

Huyu wa Sae jambo la kwanza hata hakugusa betri kubwa, alifungua buti akapima ile ndogo ya volti 12. Hapa ndo nilianza kumwamini. Akanieleza kwamba kwenye Prius hii betri ndogo haizungushi injini kama gari la kawaida, kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga swichi zinazoruhusu umeme wa betri kubwa upite, kwa hiyo ikichoka hutasikia ile starta inayovuta kwa shida, utaona taa zinawaka ovyo tu, ABS, breki, zingine zinakuja na kupotea. Na baridi ya huku Juni na Julai ndo inaimaliza kabisa asubuhi. Yangu ilikuwa imelala ikasoma 11.9 wakati nzima inatakiwa ivuke 12.6, ila gari likiwa kwenye READY (limewashwa, tayari kuondoka) ikapanda mpaka 13.8, akaniambia "bosi wangu, mfumo wa kuchaji uko salama, hii betri yenyewe ndo imezeeka." Tulipoibadilisha, taa za ABS zilizokuwa zikiniwakia asubuhi ziliishia hapo hapo. Na akasisitiza nisiweke betri yoyote ile tu, maana inakaa ndani ya gari na inatakiwa iwe aina iliyofungwa yenye kampira ka kutoa hewa yake nje.

Ila P0A80 ilikuwa bado ipo, kwa hiyo kulikuwa na magonjwa mawili kwenye gari moja na ndo maana watu wanachanganyikiwa.

Akachomeka skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), simu ikaunganishwa, tukapandisha Kawetere njia ya Chunya, yeye anaendesha mimi nasoma. Betri kubwa ya Prius hii ina moduli 28, yaani vibetri vidogo vilivyoungwa pamoja, kila moja volti 7.2, jumla 201.6, na kompyuta inazisoma mbilimbili yaani jozi 14. Gari likiwa limesimama jozi zote zinasoma karibu sawa kwenye volti 15 hadi 16 huko, ukizitazama hivyo utasema nzima. Alipokanyaga mafuta kwenye mlima jozi moja ikaporomoka zaidi ya volti moja chini ya wenzake, na tukishuka ikawa ya kwanza kujaa. Ni kama ng'ombe wa kulima, mmoja akichechemea jembe zima linasimama. Hicho kipimo cha mlimani ndo kitu ambacho gereji nyingi hawafanyi, wanapima gari limekaa kivulini halafu wanatoa hukumu.

Alivyofungua sasa. Kwanza alizima gari akaweka ufunguo mbali, akachomoa betri ndogo, akavaa glavu nene za umeme, akang'oa plagi ya usalama ile ya rangi ya chungwa AKAIWEKA MFUKONI kwake ili asitokee mtu akairudisha, halafu akasubiri kama dakika kumi umeme uliobaki kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) uishe. Nilipenda sana hiyo. Inveta ya gari hili inapandisha umeme mpaka volti 500, na nimeshaona vijana wanashika zile waya za chungwa mikono mitupu, mnaniumiza roho kwa kweli, yule ni mtoto wa mtu.

Ndani feni imejaa vumbi limegandamana mpaka mapezi hayaonekani, na vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vina kutu ya kijani. Betri hii inapoozwa na hewa ya ndani ya gari, inaivuta kupitia kile kitundu chenye nyavu pembeni ya siti ya nyuma, sasa kwa barabara zetu za vumbi, halafu watu wanarundika magunia na mikungu ya ndizi hapo hapo kwenye kitundu, betri inapikika. Akasafisha feni, akasugua shaba zote, akabadilisha ile jozi mbovu kwa moduli zilizotumika alizokuwa amezipima uwezo zikalingana na zangu. Tukapanda Kawetere tena, safari hii jozi zote zikashuka pamoja.

Kingine kilichonifurahisha aliniambia ukweli kabla ya kupokea hela, kwamba moduli zilizobaki zina umri uleule, kwa hiyo nyingine inaweza kufuata muda wowote, hii ni ya kuniwezesha nijipange sio ya kudumu milele. Fundi mwingine angeniapia miaka mitano. Vipimo vyote aliniandikia kwenye karatasi, jozi kwa jozi, nikirudi tunalinganisha.

Kupima alichukua elfu thelathini, na ukitengenezea kwake anaikata kwenye bili. Moduli na ufundi vyote havikukaribia hata robo ya niliyoambiwa kule kwanza.

Mabaya yapo. Hana pa kukaa mteja, unasimama nje na baridi lile, njoo na koti. Akikosa kifaa anaagiza Dar kinakuja na basi na hapo siku zinakwenda, hakupigii simu mpaka umtafute mwenyewe. Garantii ya moduli ni ya mdomo tu, mimi nilimwomba aiandike kwenye ile karatasi ya vipimo akaandika bila shida, ila ilitakiwa atoe mwenyewe bila kuombwa, watu wanatoka hadi Njombe na Makambako kuja kwake.

Nampa nne kati ya tano. Ukienda nenda asubuhi na mapema, gari likiwa limelala halijawashwa kama unaweza kulibebesha kwenye gari lingine au unakaa jirani, ili betri ndogo apime ikiwa baridi, na usikubali mtu akufutie taa njiani kabla hujafika, maana zile namba ndo anaanzia nazo.