Upasuaji wa kupunguza tumbo: chumba cha upasuaji nawapa tano, ufuatiliaji nawapa mbili

Nauza vitenge Kariakoo, nina miaka 47. Machi mwaka jana nilipunguzwa tumbo katika hospitali moja ya binafsi hapa Dar. Sikufuata umbo. Nilikuwa na kilo 124, sukari miaka kumi, presha miaka minane, na mama yangu alianguka kwa kiharusi akiwa na umri huu huu.

Daktari mpasuaji alinichorea kwenye karatasi: wanaondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa tumbo, kinachobaki chembamba kama ndizi, na sehemu inayotoka ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Akasema sukari huanza kushuka kabla kilo hazijapungua. Sikuamini. Nilikuwa najidunga insulini asubuhi na jioni. Siku ya tatu wodini mashine ikasoma 6.8, nikamwomba nesi apime kidole kingine. Ikasoma 6.7. Insulini ikasimamishwa palepale. Wauguzi wa wodi ile Mungu awabariki, ukiita wanakuja.

Taabu ilianza nilipofika nyumbani. Niliruhusiwa na vidonge vyangu vilevile viwili vya presha, dozi ileile. Wiki ya tano nilipanda stuli kushusha doti ya juu, macho yakaingia giza, nikang'ang'ania rafu. Kijana wa duka la dawa jirani akanipima: 92 kwa 56. Kilo 15 zilishaondoka, maji nanywa kwa kuonja, na dawa bado za yule mtu wa kilo 124! Nilipiga simu hospitali mara nne ndipo nikapewa daktari, akaniondolea kidonge kimoja siku hiyohiyo. Ningeanguka na kupasuka kichwa je? Ukienda kufanyiwa, usitoke wodini kabla hujaambiwa nani atakupangia upya dawa za presha na utampataje.

Na karatasi ya lishe imejaa vyakula vya supamaketi. Mtori mwepesi, uji wa ulezi na dagaa wa kusaga nimejitafutia mwenyewe.

Leo, miezi 16 baadaye, nina kilo 86. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimetoka asilimia 9.6 hadi 5.9, nimebaki na kidonge cha sukari cha metformini tu. Presha 122 kwa 78 bila kidonge. Kiungulia kinanisumbua usiku, ila hilo nilionywa mapema. Vitamini nitameza maisha yangu yote.

Ninachowadai ni ufuatiliaji. Wasweden waliwafuata wagonjwa wao tangu 1987: waliopasuliwa kupunguza unene walipata mshtuko wa moyo na kiharusi kwa uchache kuliko wanene wenzao ambao hawakupasuliwa, lakini kati ya waliopasuliwa wakiwa na kisukari, asilimia 72 walikuwa wamepona baada ya miaka 2, na baada ya miaka 15 wakabaki asilimia 30 hivi. Sukari hurudi. Mimi hospitali haijanipigia hata mara moja, kwa hiyo kila miezi mitatu nafunga duka saa nne, nakwenda kupima kwa hela yangu.