Gari la waya, mpira wa matambara na wenzake: mapitio ya fundi cherehani

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo mabaki hayaniishii: vipande vya vitambaa, koni tupu za uzi, vifungo visivyo na wenzake, zipu zilizokufa, mpira wa kiunoni. Watoto wangu na wa dada yangu wanalijua kapu la mabaki kuliko ninavyolijua mimi. Vilivyotoka humo, pamoja na vilivyookotwa kwingine, ndivyo ninavyovipitia hapa kama wengine wanavyopitia simu mpya.

Kipimo changu ni kimoja. Kichezeo chochote kitaharibika, kiwe cha dukani au cha jalalani. Naangalia kinachofuata kikishaharibika: mtoto anakileta kwangu amenuna, au anakigeuzageuza, anakikodolea macho, halafu anakwenda kutafuta waya? Mambo ya sura na rangi yanakuja nyuma sana.

Kwa kipimo hicho, gari la waya linawaacha wenzake mbali.

Waya mzuri wa fremu ni wa henga. Ni mgumu kiasi cha kubeba umbo, na bado unakubali kukunjwa kwa koleo na mikono ya mtoto wa miaka 9. Maungio yanafungwa kwa waya mwembamba: unauzungusha, unaukaza, ncha unaikunja ndani isije ikamchana mtu. Waya wa shaba ni mlegevu mno kwa fremu, na sipendi watoto wazoee kuchuna nyaya za umeme, hata zilizotupwa.

Magurudumu ni soli ya kandambili iliyochakaa. Kijana wangu huweka kitako cha koni ya uzi juu ya soli, anachora duara kwa chaki yangu, kisha anakata. Kwa mkasi gani? Si ule wa vitambaa. Mwenye cherehani atanielewa: mkasi ukishakata kandambili, hariri usahau. Wake nilimpa, umezeeka na una kutu kidogo, unamtosha.

Tundu la katikati hutobolewa kwa msumari, na hapo ndipo magari mengi yanapofia. Tundu likiibana ekseli, gurudumu linaburuzwa badala ya kuzunguka. Likipanuka sana, linayumba na kulika. Dawa yake ni kalamu iliyokwisha wino. Kipande cha bomba lake kinapachikwa ndani ya tundu, ekseli inapita humo, plastiki inateleza juu ya chuma na soli hailiki. Kipande kingine kifupi kinakaa kati ya gurudumu na fremu ili visisuguane. Hizo ni bushi kabisa, kama za gari la kweli, na hakuna fundi aliyemfundisha.

Kazi kubwa iko kwenye usukani. Ekseli ya mbele haifungwi kwenye fremu pande zote mbili. Inashikwa katikati tu ili iweze kugeuka, na kutoka hapo fimbo au waya mnene unapanda hadi kifuani mwa dereva, ambako kuna duara la kushika. Dereva anatembea nyuma ya gari lake wima, anakata kona, anapiga honi kwa mdomo. Fimbo ikiwa fupi, mgongo unauma na mchezo unaisha mapema. Tena uzito wa fimbo na wa mkono vyote vinaangukia mbele, kwa hiyo gari fupi huinua mkia. Kuna wanaorefusha bodi, kuna wanaoweka jiwe kwenye buti. Kwetu ni jiwe.

Juzi gari hilo lilianza kuvuta kushoto. Sikusema kitu, nilikuwa na suruali ya mteja mkononi. Akalipindua, akazungusha gurudumu moja moja, akachomoa ekseli na kuiviringisha juu ya meza yangu ya kukatia. Waya ulionyooka huviringika kimya. Uliopinda hurukaruka na kugonga meza. Akasikiliza, akapagonga pale palipopinda kwa nyuma ya koleo, akaviringisha tena, akagonga tena, mpaka meza ikanyamaza.

“Mama, sasa litakwenda sawa?”

“Mimi nitajuaje? Liendeshe.”

Kasoro zipo. Kwenye mchanga magurudumu membamba huzama. Ndani ya nyumba linakwaruza sakafu. Ncha ya waya iliyosahaulika itapata ngozi ya mtu, kwa hiyo pitisha kidole kwenye kila fundo kabla ya safari ya kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 7 atahitaji mtu wa kumkazia maungio. Pamoja na hayo nalipa gari alama tisa kwa kumi, na ile moja nimeibakiza kwa sababu ya sakafu.

Kwa haki, nimejaribu pia ndugu yake wa dukani: seti ya kuunga gari, mbao zimekatwa tayari, skrubu zimehesabiwa, na karatasi ya picha hatua kwa hatua. Mtengenezaji simtaji. Mbao zilipigwa msasa vizuri na gari lilisimama jioni ileile. Kisha pini ya plastiki inayoshika gurudumu ikakatika. Hapakuwa na kitu nyumbani kilichoingia kwenye tundu lile isipokuwa pini nyingine ya seti ileile, na ya akiba haikuwekwa. Gari likapanda juu ya kabati, na ndiko liliko.

Mwaka 1971 msanii Mwingereza Simon Nicholson aliandika kwamba uwezo wa watu kubuni mahali popote unategemea wingi na aina za vitu wanavyoweza kuvihamisha na kuvibadilisha mahali hapo. Lawama yake ilikuwa kwamba wabunifu wanajifaidi raha yote ya kubuni, kisha watoto wanakabidhiwa kilichokwisha. Seti yangu ndivyo ilivyo: aliyeibuni alicheza, mwanangu alifuata karatasi.

Kabla ya Nicholson alikuwapo Carl Theodor Sørensen, mbunifu wa mandhari wa Denmark, aliyeona watoto wakiviacha viwanja vya michezo alivyovibuni na kwenda kuchezea vikorokoro na maeneo ya ujenzi. Mwaka 1943, nchi ikiwa imekaliwa na Wajerumani, kiwanja cha vikorokoro kilichotokana na wazo lake kilifunguliwa Emdrup, Copenhagen, watoto wakapewa mbao na mabaki ya kujijengea wanachotaka. Ningempa mkono mtu huyo. Si kila fundi anaona kazi yake imeshindwa na takataka akakubali kuzifuata.

Mpira wa matambara uko kwenye fani yangu, kwa hiyo nitakuwa mkali. Mingi ninayoiona imejazwa matambara tupu hadi ngozi. Mpira wa dukani wa namba 5 una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 kwa sababu ndani yake ni hewa. Ujaze ukubwa huo kwa vitambaa, kisha upige teke, dole gumba litakujibu. Tengeneza mdogo, wa kujaa viganja viwili, na kiini kiwe chepesi: sifongo la godoro kuukuu au mifuko ya nailoni iliyofinyangwa.

Juu ya kiini zungusha vipande virefu vya kitambaa cha fulana, kile kinachovutika. Kila mzunguko uvute, na kila mara ugeuze mpira kidogo usije ukaota nundu. Kitambaa kisichovutika huteleza na kulegea, hata ukifunge namna gani. Mwisho ni soksi ndefu: unautumbukiza mpira hadi kwenye vidole, unausokota mdomo, unaipindua soksi irudi juu ya mpira, unasokota tena, hadi urefu uishe. Hapo ndipo sindano inaingia, na uzi uwe wa jinzi. Uzi wa kawaida hautamaliza kipindi cha kwanza.

Haudundi. Wanaoulaumu kwa hilo hawajautazama ukichezwa: usiodunda unakaa chini, unalazimisha pasi fupi, na haufiki dirishani kwa jirani. Kila ukitajwa, lazima mtu amtaje Pelé, aliyeanza utotoni na soksi iliyojazwa magazeti na matambara, kana kwamba soksi ndiyo iliyomzaa. Soksi zilikuwa nyingi.

Adui wake ni maji. Ukilowa unayanywa, unakuwa mzito, unachelewa kukauka na unanuka. Ukifumuka, dawa ni sindano, na nimefurahi kuona watoto wote, wa kike kwa wa kiume, wamejifunza mshono wao wa kwanza kwenye mpira kabla ya kugusa nguo yoyote. Saba kwa kumi. Wa kuchezea mahali pakavu, nane.

Mdoli wa kitambaa watu humdharau wakidhani hadumu. Makumbusho ya British Museum, London, wanaye mmoja kutoka Misri ya enzi ya Warumi, wa kati ya karne ya 1 na ya 5: kitani kilichojazwa matambara na mafunjo. Ukavu wa Misri ulimsaidia, najua, lakini kama kitani na matambara vimefika hapo, mdoli wa kwako atafika shule ya msingi.

Mtoto wa dada yangu aliniagiza wa kwake kwa sharti. “Mama mdogo, usimshone macho, bado amelala.” Basi nikamwacha bila uso. Kesho yake akamchorea macho mwenyewe kwa chaki, ya kufumba; yalipofutika akamchorea ya kukasirika. Tangu hapo uso unabadilika kila chaki ikifutika, na sijawahi kuombwa nimtengeneze. Ningeshona macho yale kwa uzi mweusi siku ya kwanza, yangependeza sana, na yangebaki yaleyale. Kwa wateja wanaouliza: macho ya vifungo ni mazuri, lakini si kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Kifungo hung'oka, kikaenda mdomoni na kumkaba.

Kifungo kina kazi nyingine. Chukua kikubwa cha koti, pitisha uzi wa jinzi tundu moja, urudishe kwa la pili, funga ncha. Shika pande zote mbili, kizungushe hadi uzi ujisokote, kisha vuta, legeza, vuta, legeza. Ukivuta, uzi unafumuka na kukirusha kifungo. Ukilegeza, kasi ya kifungo inausokota uzi upande wa pili. Ukishapata mdundo, kinavuma. Mwaka 2017 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza kifaa cha karatasi kinachofuata kanuni hiyohiyo, kinachofikia mizunguko 125,000 kwa dakika na kutenganisha sehemu za damu bila umeme katika dakika moja na nusu. Wangu hawajafika huko, ingawa waliotaka kutumia kizibo cha chupa kilichopondwa kwa nyundo walikuwa na nia ya kumwaga damu. Ukingo wa kizibo kilichopondwa ni wembe. Tumia kifungo, na mwenye nywele ndefu azifunge nyuma. Uzi ukikatika, mtoto wa miaka 5 anaweka mwingine bila kuniuliza, kwa hiyo nane.

Simu ya makopo sina mengi ya kuisema. Inafanya kazi, na inafanya kazi vizuri kuliko watu wazima wanavyokumbuka, ilimradi uzi uvutwe ukakamae na usiguse kitu njiani. Ukigusa ukuta, sauti inaishia ukutani. Uzi wa poliesta mzuri; uzi wa kufumia sweta ni mlaini mno, unaimeza sauti. Ndani ya kopo fundo lifungiwe kijiti cha kiberiti lisichomoke. Tatizo ni kwamba wakishasema “unanisikia?” na “nakusikia”, mazungumzo huwa yamekwisha. Sita.

Tiara ya mfuko wa nailoni na njiti naipa nne, na wanaoipenda watanisamehe. Inataka upepo, uwanja usio na nyaya za umeme hata kwa mbali, na mtu mzima wa kukaa kufumua uzi uliojisokota. Mimi nina wateja. Ikichanika, utepe wa gundi unaongeza uzito upande mmoja na inaanza kupiga mbizi, hivyo mara nyingi inatupwa. Wenye uwanja mkubwa na subira waijaribu, wataona mambo mengine.

Manati sikuipa alama. Mpira wa kiunoni wanaoniomba kwa ajili yake nimeuhamishia kwenye droo ya bobini, na funguo ninayo.